Mbwa Naye Huumwa na Meno

KAHAWA ilikuwa imekwisha kuzunguka mara ya pili, na kashata zimebaki mbili tu katika sahani, ndipo mwenzetu mmoja aliponigeukia akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na baraza nzima:

"Yakhe, haya niyasikiayo ni ya kweli? Eti wewe huko shambani kwako humsugua mbwa meno?"

Baraza ikaangua kicheko. Mmoja akasema kilichobaki ni kumshonea kanzu ya Idi. Mwengine akauliza kama baadaye hupewa na tambuu. Mzee wetu, ambaye ndiye mkubwa wa baraza ile, yeye hakucheka. Alitikisa kichwa tu, akatukumbusha wasemavyo wahenga, kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini.

Nikawajibu kuwa ni kweli tupu. Mlinzi wangu humsafisha kila siku, na siku nilizoko shamba humsafisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu huu ulioshika kikombe cha kahawa. Kicheko kikazimika. Jirani yangu akakisogeza kikombe chake kando kidogo.

Mpenzi msomaji, najua nawe pengine umekunja uso, wala sikulaumu. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa akipita uchochoroni watoto huitwa ndani na mlango hurudishwa. Mate ya mbwa tulijifunza kuyaepuka kabla hatujajifunza kuhesabu. Kwa hivyo nakuomba unisikilize tangu mwanzo wa kisa, kisha ndipo uhukumu.

MBWA ALIYENYAMAZA

Nina shamba dogo nililorithi kwa marehemu baba, upande wa Takaungu, katika Kaunti ya Kilifi. Lina minazi, miembe, mikorosho michache, na mahindi wakati wa mvua. Pana na zizi la mbuzi. Ajuaye shamba la pwani anawajua na maadui zake. Nyani na tumbili huvamia mahindi yakiwa mabichi, nguruwe mwitu hufukua mihogo, na binadamu huja usiku wa giza kuangua nazi asizozipanda. Mbwa wa shamba basi si pambo wala si mchezo. Dini yetu yenyewe imepambanua jambo hili: mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mimea ameruhusiwa. Tulichoonywa ni kufuga mbwa pasipo haja.

Mbwa wangu huitwa Doria. Aliletwa mwaka 2013 akiwa mtoto, na kwa miaka 8 iliyofuata mimi sikumgusa hata kwa ncha ya kidole. Mlinzi ndiye aliyemlisha ugali uliobaki, mchuzi wa samaki na mifupa, katika kigae chake nyuma ya banda. Nilipofika shamba nilimwonesha bakora ili asikaribie kanzu yangu, naye alikuwa ameshanijua. Alisimama hatua kumi hivi, akatikisa mkia, na hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yetu.

Mapema mwaka 2021 mambo yakabadilika. Doria, ambaye kubweka kwake kulikuwa kukisikika mpaka kwa majirani, akawa kimya. Usiku mmoja wezi wakaingia zizini wakachukua mbuzi wawili, mmoja wao ana mimba. Doria hakutoa hata mlio. Nilipofika asubuhi nilimkuta chini ya mwembe, kichwa amekilaza juu ya miguu ya mbele, wala hakuinuka kunisalimu kama ada yake.

Ghadhabu zikanipanda. Nikamwambia mlinzi, "Mzee, mbwa huyu amekula vya bure vya kutosha. Muondoe. Ijumaa nikirudi nisimkute." Sikusema aondolewe vipi. Sote wawili tulijua maana yake.

Mlinzi wangu ni mzee wa Kigiriama aliyelijua shamba lile tangu enzi za baba. Hakunijibu neno. Alikwenda akapiga magoti kando ya Doria, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kisha akaniita.

"Bwana, njoo uangalie. Huyu si mvivu. Huyu ana meno mabovu."

Nikasogea, na kabla sijaona kitu nikakutana na harufu. Nikaziba pua kwa kilemba. Meno ya nyuma hayakuonekana kuwa meno. Yalikuwa yamefunikwa na ganda la rangi ya kahawia, mfano wa chaza walioganda kwenye mawe ya pwani. Fizi zilikuwa nyekundu na zimefura. Chini ya jicho la kulia palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kungumanga.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Huu mwezi wa tatu hatafuni mfupa. Ugali hula kwa upande mmoja. Nilikwambia wakati wa kuvuna korosho, Bwana. Ukanijibu, mbwa ni mbwa."

Wallahi nilikuwa nimesema hivyo. Nilikumbuka hata mahali niliposimama niliposema.

MANENO YA DAKTARI

Siku ile ile tulimtafuta daktari wa mifugo mjini. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya meno. Aliuliza, "Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiko wapi?" Kwa bahati njema mlinzi alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya mfuko wa unga. Doria huchanjwa kila mwaka pamoja na mbwa wa kijiji.

Daktari akashusha pumzi, kisha akatukaripia, hasa yule mzee wangu. Alisema mbwa aliyebadilika tabia, aliyeacha kula, au anayetokwa na udenda, hatiwi mkono kinywani na mtu yeyote mpaka kwanza ijulikane kuwa hana kichaa, kwani dalili za maradhi ya kinywa na za kichaa zaweza kufanana. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya tangu mwaka 1912, na mpaka leo bado kinaua watu. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kubwa ni kuwachanja mbwa. Mtu akiumwa au akiparuzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali akadungwe chanjo. Asingoje dalili, kwani dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona.

Baada ya hapo ndipo alipogeukia meno. Alimlaza Doria kwa dawa ya usingizi, kwani ganda lililo chini ya fizi haliwezi kukwanguliwa mbwa akiwa macho. Alikwangua kwa muda mrefu, akang'oa meno 6, akautoa usaha uliokuwa chini ya jicho. Moja katika meno hayo alinipa nilishike, nami nikalipokea kwa karatasi. Lilikuwa gego kubwa lenye mizizi mitatu, na limepasuka katikati.

"Mfupa mgumu ndio uliolipasua," akanieleza. "Watu hudhani mfupa humsafisha mbwa meno. Ule mgumu mno humvunja, na uliopikwa hukatika vipande vyenye ncha vikamchoma koo na matumbo."

Nikamuuliza kama mnyama huyu alikuwa akisikia maumivu. Akanitazama kama mtu anayeshangaa swali. "Wewe jino lako likipasuka na mzizi ukaoza mpaka karibu na jicho, utalala usingizi? Mbwa hulia kidogo tu. Akiumwa hunyamaza."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Usiku ule wa wezi, mlinzi wangu mwenye miguu minne alikuwa hawezi kufumbua taya kwa maumivu, nami nikamhukumu kwa uvivu.

MENO ARUBAINI NA MAWILI

Niliyoyajua juu ya kinywa cha mbwa kabla ya siku ile hayakujaa kijiko. Sasa nitakupa kwa ufupi niliyofundishwa.

Mbwa huzaliwa hana meno, kama sisi. Huota meno 28 ya utoto, na yakiisha kung'oka, kabla hajatimiza miezi 8, huwa na meno 42 ya ukubwani: 20 juu na 22 chini. Sisi binadamu tuna 32. Madogo ya mbele ni ya kuguguna, chonge nne ni za kukamata, na magego ya nyuma hupishana kama mkasi ili kukata nyama.

Kutoboka kwa meno, ambako ndiko kunakotusumbua sisi walaji wa halua na chai ya sukari, hakumpati mbwa sana. Maradhi yake makubwa ni ya fizi. Kila siku utando laini wa ukoga hujitanda juu ya jino. Ukisuguliwa hutoka bila taabu. Ukiachwa, katika muda wa siku 2 au 3 huanza kushikana na chumvichumvi za mate ukawa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauutoi tena, ila chuma cha daktari. Ganda hilo huingia chini ya fizi likaleta viini, fizi zikavimba na kutoka damu, kisha mfupa unaoshika jino ukaliwa kidogo kidogo hadi jino likalegea. Tena viini hivyo huweza kuingia katika damu vikafika mbali na kinywa. Mbwa wengi wakishapita umri wa miaka 3 huwa tayari wana mwanzo wa maradhi haya, na wenyewe hawana habari.

Ganda hupenda zaidi magego makubwa ya juu, upande wa shavuni, kwa sababu mate humwagika hapo. Ndipo palipoharibika kwa Doria, na mizizi ya gego hilo ndiyo iliyo chini ya jicho. Ukiona mbwa wako amevimba mahali hapo, usidhani ameumwa na nyuki.

Daktari alipotukabidhi mgonjwa wetu alitoa amri moja. Meno 36 yaliyobaki yatadumu tu iwapo yatasuguliwa. Ngojeni wiki mbili fizi zipone, kisha anzeni, na iwe kila siku. Mzee wangu akaitika papo hapo. Mimi nikatazama pembeni, kama mtu asiyehusika.

NAJISI HUOSHWA

Mungu ana namna yake ya kumgeuza mtu shingo. Wiki ya tatu mlinzi akafiwa na nduguye huko Ganze, akaenda matangani. Aliniambia atakawia. Kijana aliyebaki shambani alikuwa mtoto wa miaka 11, na daktari alikuwa amekataza kabisa mtoto kutia mkono kinywani mwa mbwa. Nikabaki mimi, na mswaki mpya ndani ya karatasi yake, na mbwa aliyesimama hatua kumi akinitazama.

Sikuthubutu. Nilirudi Mombasa, nikaenda moja kwa moja kwa maalimu aliyenisomesha utotoni. Sasa macho yake yamepungua nuru, lakini elimu haijapungua. Nikamweleza kisa chote, pamoja na lile neno langu la "muondoe". Nilidhani atanipa ruhusa ya kuliacha jambo hili.

Alikaa kimya akizungusha mswaki wake wa mti kati ya vidole. Halafu akasema:

"Mwanangu, najisi huoshwa kwa maji. Dhuluma kwa kiumbe asiyeweza kusema, utaiosha kwa nini?"

Nikainamisha kichwa. Akaendelea kunisomesha kama nilivyokuwa chuoni. Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja katika hizo ikiwa ni kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wao wanaona mbwa si najisi, lakini, akasema, sisi tushike yetu, na yetu hayana uzito wa kumshinda mtu. Kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Huhama penye umajimaji. Tena kuguswa na najisi hakutengui udhu, kama wengi wanavyodhani. Lililo wajibu ni kupaosha pale palipopatwa kabla ya kusali.

"Vaa mipira ya mikono," akasema, "na nguo ya kazi ambayo husalii. Umalizapo, osha kama ulivyoamrishwa. Kwani mchanga umekwisha Takaungu?"

Kisha akanikumbusha hadithi tunayoisikia kila siku misikitini, ya yule mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu. Alishuka kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akapanda nacho, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

"Alipandaje nacho?" maalimu akaniuliza.

Nikasema sikumbuki.

"Kwa meno yake. Mikono ilikuwa inashika ukuta wa kisima. Alikishika kile kiatu kwa meno yake mwenyewe, kwa ajili ya mbwa. Nawe unaona uzito wa mswaki?"

Nilitoka pale nimefedheheka, na pia nimefarijika. Umma wetu ndio uliohimizwa mno kusafisha kinywa, hata Mtume, rehema na amani zimshukie, akaeleza kuwa lau si kuchelea kutupa mashaka angalituamrisha kupiga mswaki kwenye kila sala. Sisi ambao tunajua raha ya kinywa safi ndio tulio karibu zaidi kufahamu taabu ya kinywa kilichooza, hata kikiwa cha mnyama.

NAMNA YA KUMSAFISHA

Sasa nitaeleza kazi yenyewe, kwani huenda yuko msomaji mwenye mbwa wa shamba, au mtu anayepata riziki yake kwa kulinda majumba na mbwa, naye jambo hili limemkabili.

Kwanza, mbwa awe amechanjwa na awe anakujua. Doria alinijua kwa bakora tu, kwa hivyo siku za mwanzo sikushika mswaki hata kidogo. Nilikaa juu ya kigoda, nimevaa mipira ya mikono, nikampa kipande cha samaki asiye na miba. Siku ya tatu ndipo aliposogea mpaka gotini. Nikamgusa shavu. Alitetemeka, nami pia nikatetemeka, na sijui ni nani aliyekuwa na hofu zaidi.

Baada ya hapo nikawa namwinua mdomo kidogo na kuuachia, kila siku muda ukizidi. Kisha nikazungusha kitambaa safi katika kidole, nikakitia katika mchuzi mwepesi usio na chumvi wala vitunguu, nikampangusa meno ya mbele. Wiki ilipokwisha ndipo nilipotumia mswaki. Daktari alisema mswaki laini wa mtoto mchanga unatosha kabisa. Mswaki wa mti haufai, kwa kuwa ataula, na nyuzi zake zitamkwama.

Dawa ya meno ya binadamu usimtie kamwe. Imetengenezwa mtu asukutue na ateme, naye mbwa hajui kutema; humeza yote. Nyengine zimetiwa kitu cha utamu kiitwacho zailitoli, ambacho kwetu hakina madhara makubwa, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa ghafla na huweza kumharibu ini. Chumvi na mkaa waliotumia wazee wetu pia si vya mbwa, kwani chumvi nyingi akiimeza humdhuru, na mkaa hukwaruza meno. Iko dawa ya mbwa inayouzwa na madaktari wa mifugo, yenye ladha ya kuku au ya nyama. Usipoipata, maji matupu yanatosha, kwani kinachoondoa ukoga ni kule kusugua.

Usimpanue taya kwa nguvu. Acha meno yake yakutane, inua mdomo wa juu tu, halafu uulaze mswaki upande, nyuzi zake zielekee pale jino linapokutana na ufizi. Sugua kwa mizunguko midogo, pole pole. Anzia magego ya juu ya nyuma, ndipo penye maradhi, kisha uje mbele kwenye chonge, halafu chini. Upande wa ndani usiuhangaikie sana, kwani ulimi wake huusugua wenyewe. Dakika 2 zinatosha kwa kinywa kizima. Akinguruma au akigeuza kichwa kwa nguvu, acha, umjaribu kesho. Ukimaliza mpe kitu akipendacho, ili ajue kazi hii mwisho wake ni mwema.

Kila siku ndiyo bora. Ukishindwa, angalau siku tatu kwa juma, kwani umekwisha kusikia kwamba ukoga haungoji. Damu kidogo siku za mwanzo yaweza kutokea kwa fizi zilizovimba. Ikizidi, au jino likicheza, au harufu ikiwa kali, mswaki si dawa tena. Mpeleke kwa daktari. Nao mswaki wenyewe uwe wake peke yake, uwekwe mbali na vyombo vya watu, na ubadilishwe baada ya miezi mitatu hivi.

Mimi nina ndoo mbili nyuma ya banda, moja ya maji na moja ya mchanga safi. Nikimaliza huvua mipira, huosha mara saba, huvua na shati la kazi, kisha huoga na kutia udhu. Yote haya hayafiki nusu saa. Magharibi hunikuta juu ya mswala, na moyo umetulia.

Mzee wangu aliporudi kutoka Ganze alinikuta katika kazi hiyo. Alisimama nyuma ya mnazi akinitazama mpaka nikamaliza. Hakusema lolote juu ya mbwa. Alisema tu, "Marehemu baba yako angefurahi."

USIKU WA MAHINDI

Mwezi wa Agosti mwaka ule, nilipokuwa nimelala shambani, niliamshwa na sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Doria alikuwa akibweka, si mara moja wala mbili, bali mfululizo, akilizunguka zizi. Mlinzi akatoka na tochi. Tulisikia miguu ikikimbia kwenye majani makavu, kisha kimya. Tukahesabu mbuzi, na wote walikuwapo.

Sisemi kwamba ni mswaki uliowarudisha mbuzi wangu. Wale wawili wa mwanzo walikwenda na hawakurudi. Nasema kwamba mbwa huyu alikuwa na kazi, akataka kuifanya, na kilichomzuia ni maumivu ambayo mimi niliambiwa nikayadharau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nililipa gharama ya ukuta kwa ajili ya ufa wa kuzibwa kwa kitambaa na maji. Lau mzee wangu angekuwa mtiifu zaidi asubuhi ile, ningekuwa nimelipa zaidi, tena si kwa fedha.

Doria sasa ni mzee. Mvi zimemwota pande zote za mdomo, na mchana hulala sana. Meno 36 yote bado yapo. Nikifika shamba hanisubiri tena hatua kumi. Huja mpaka kwenye kigoda akakaa. Bakora niliiacha Mombasa.

Haya ndiyo niliyowaeleza wenzangu barazani, na mpaka nilipomaliza kahawa ilikuwa imepoa. Hapana aliyecheka tena, ijapokuwa jirani yangu hakukirudisha kikombe chake. Adhana ya isha ikatukuta hapo, tukainuka.

Njiani yule mzee wetu mkubwa, aliyetupigia methali, akanishika mkono tukabaki nyuma. Akaangalia huku na huku, kisha akaninong'oneza:

"Mwanangu, nyumbani kwangu mna paka. Ni wa mjukuu wangu. Huu wiki ya pili anasogea kwenye samaki, ananusa, kisha anaondoka analia. Nao paka huumwa na meno?"

Nikamwambia huumwa, tena vivyo hivyo, na kwamba yeye ana nafuu kuliko mimi, kwani paka si najisi, na ndoo ya mchanga hataihitaji.

"Basi hebu niandikie nambari ya huyo daktari," akasema, "lakini wale wa barazani usiwaambie."